Mashine ya vifaranga iliyosahau siku, na kilaibrari nilichokiandika kwa hasira

Simu iliingia Jumapili asubuhi hata chai sijanywa. Mama mmoja wa Kibaha, nilimuuzia mashine ya kutotolesha, zile za mayai 528, mimi humuita Mama tu maana ni rika la mama yangu mzazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka haraka halafu akasema, "Mwanangu, hii mashine yako inageuza vifaranga." Nikadhani sijasikia vizuri. Inageuza mayai, mama? "Vifaranga! Wameshatoka, na trei bado inalala huku na huku, wengine wamebanwa miguu."

Kwa wasiofuga: yai la kuku linakaa siku 21, joto kwenye nyuzi 37.5 hivi, na trei inapinduliwa mara kwa mara ili kiini kisigande upande mmoja. Ikifika siku ya 18 unaacha kugeuza, unapandisha unyevu, unawaacha wapasue ganda kwa amani. Kwa hiyo ile mashine yote, hita, feni, mota, king'ora, inaendeshwa na namba moja tu, leo ni siku ya ngapi. Na hiyo namba ndo ilipotea. Bodi yangu iliamini ni siku ya 4 wakati mayai yapo siku ya 21.

Nikapanda daladala mpaka huko na laptopu begani. Njiani nimeshajua kosa ni langu, sikuwa najua tu liko mstari gani.

Sasa ngoja niwaeleze nilivyokuwa nimefanya, maana nina hakika kuna mtu anasoma hapa na kwake ipo hivo hivo. Bodi ilikuwa Arduino ya kawaida, kijikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa, chipu yake ATmega328P, ina RAM (memori ya kazi, ukizima umeme inasahau) ya kilobaiti 2 na EEPROM ya baiti 1024. EEPROM ndo kile kisehemu ambacho ukizima umeme kinabaki kinakumbuka. Nikaweka kaunta ya baiti nne pale mwanzo kabisa, anwani 0, na kila sekunde 10 naiongeza moja naandika pale pale. Sekunde 10 kwa sababu nilitaka umeme ukirudi iendelee pale pale ilipoishia, nilijiona fundi kweli kweli. Kitabu cha ile chipu kinasema kila seli ya EEPROM imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Piga hesabu: kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku, yaani dhamana ya ile baiti ya chini iliisha kabla hata mkupuo wa kwanza haujatotolewa, siku ya 12. Ile mashine ilifanya kazi miezi saba. Huo ni wema wa waliotengeneza chipu, mimi sina sifa hapo hata kidogo.

Halafu kuna hili la pili ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa ulinzi, nikausifia sana moyoni: ukisoma kaunta ukakuta inazidi siku 21 basi hiyo ni takataka, anza na sifuri. Kimya kimya. Hakuna king'ora, hakuna taa, hakuna chochote kwenye kioo. Sasa seli ikichoka, au umeme ukipepesa pepesa ule wa volti kushuka katikati ya kuandika, baiti inatoka na namba ya ajabu, bodi inaamka inaona takataka, inajisemea haya leo ndo siku ya kwanza. Na inaendelea kugeuza trei kwa bidii zote.

(Najua kuna mtu atasema si ungeweka saa yenye betri, DS3231, mambo kwisha. Niliiweka baadaye. Lakini saa inakuambia leo tarehe ngapi, haikuambii mayai yaliingia lini. Hiyo tarehe ya kuingia bado inabidi iandikwe mahali.)

Kilichoniuma zaidi nilikigundua usiku nikiwa nimerudi nyumbani. Ile kodi ya kuhifadhi namba, na hapa nasema kodi ya kompyuta siyo ya nyumba, nilikuwa nimeikopi kwenye kazi nyingine mbili. Moja ni mita ya tenki la maji la jamaa mmoja anauza maji kwa ndoo, inahesabu lita. Nyingine ni kijisanduku kinachopima joto la tenki la kupozea maziwa, kinatakiwa kikumbuke ni muda gani maziwa yalikaa juu ya nyuzi 4. Kodi ile ile, anwani 0 ile ile, na ule mstari wangu wa ulinzi upo mle mle, nimebadilisha majina tu ya vigeu. Na kwenye ile ya maji nilishawahi kurekebisha tatizo linalofanana na hili mwaka mmoja kabla, nikalirekebisha pale pale kwenye faili lile nikasahau kwamba lina ndugu wawili. Ningekuwa nimelirekebisha sehemu moja ambayo wote wanachukulia, wale vifaranga wasingebanwa miguu.

Basi nikakaa nikaandika laibrari moja, yaani kodi ya pamoja ambayo programu zote zinachukulia, nikaapa kila kifaa nitakachotengeneza kuanzia hapo kitahifadhi data kupitia hiyo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza, na hiki nilikipata kwa kusoma kodi za watu: laibrari ya kuhifadhi data haitakiwi kujua inakaa kwenye chipu gani. Angalia FatFs ya yule Mjapani anayejiita ChaN, ndo inayosoma memori kadi kwenye vifaa sijui vingapi, yenyewe haina hata mstari mmoja unaojua kadi yako imeunganishwa vipi. Inakuambia wewe niandikie vifanksheni vichache vya diski, cha kusoma sekta, cha kuandika sekta, na vingine viwili vitatu, mimi nitamaliza yaliyobaki. littlefs, laibrari nyingine ya mafaili iliyotoka kampuni ya Arm mwaka 2017, nayo hivo hivo, unaipa kusoma, kuandika, kufuta, na kuhakikisha kilichoandikwa kimeshuka kweli, basi. Na mimi nikafanya vitatu, nikaviita kwa Kiswahili kabisa, soma(), andika(), futa(). Kwenye ATmega kile cha futa() ni kitupu, kinarudisha sifuri tu maana EEPROM unaandika juu yake bila kufuta. Kwenye bodi yenye chipu ya flashi ya nje, memori nyingine inayokumbuka bila umeme, zile W25Q za miguu nane, futa() inafanya kazi kweli.

Na flashi ina tabia zake za ajabu, ukitoka kwenye EEPROM inakuchanganya. Kuandika flashi ni kugeuza biti ya 1 iwe 0, basi, kurudisha 0 iwe 1 haiwezekani mpaka ufute, na kufuta huwezi kufuta baiti moja, unafuta baiti 4,096 zote kwa pamoja, kipande hicho ndo sekta, zinakuwa 0xFF, yaani biti zote ni 1. Fikiria daftari ambalo ukikosea herufi moja lazima ung'oe ukurasa mzima. Na kila ukurasa nao una idadi yake ya kung'olewa, 100,000 hivi kwa hizo chipu.

Kwa hiyo huandiki pale pale. Unaandika mbele. Taarifa moja nimeipa baiti 16: nne za namba ya zamu, nane za data yenyewe, nne za mwisho ni CRC, ile hesabu ya kuhakiki kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokusudiwa. Taarifa mpya inakaa baada ya ile ya zamani, sekta ikijaa unahamia inayofuata, ukifika mwisho unazunguka unarudi mwanzo, unafuta sekta ya zamani kuliko zote. Kifaa kikiwaka kinapitia zote kinatafuta ile yenye namba ya zamu kubwa ambayo CRC yake inakubali. Ile ya mwisho ikiwa imeharibika kwa sababu umeme ulikatika katikati, sawa, unachukua iliyotangulia, umepoteza dakika moja tu.

Ona hesabu inavyobadilika, hapa ndo nilipocheka peke yangu usiku. Sekta 16 za flashi zinabeba taarifa 4,096. Ukiandika kila dakika ni 1,440 kwa siku, mzunguko mmoja unachukua kama siku 2.8, kila sekta inafutwa mara moja kwa mzunguko, kufika mara 100,000 ni miaka zaidi ya 700. Hata ile ATmega yenye kibaiti 1024, nafasi 64 tu, kila dakika, ni miaka 12. Kutoka siku 12 mpaka miaka 12, chipu ile ile, na sijanunua kitu.

Mtu wangu mmoja wa karibu, tulisoma wote, akaniuliza kwa nini unahangaika na haya, databesi ya SQLite ipo. Swali zuri na jibu ni inategemea. SQLite naipenda mpaka nashindwa kueleza. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 wakati ana kazi ya programu ya meli za kivita za jeshi la majini la Marekani, databesi waliyokuwa nayo ilikuwa inategemea seva, seva ikizima programu nayo imekwama, akaona kwa nini databesi isiwe faili tu ndani ya programu yenyewe. Leo ipo kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, haina leseni ya kulipia, mwenyewe ameitoa iwe mali ya umma, na unaichukua kama faili moja kubwa la lugha ya C unalitupia kwenye projekti yako. Kwangu mimi huo ndo mfano wa kipande ambacho kila mtu anaweza kukitumia tena bila kuombana ruhusa.

Lakini kwenye RAM ya kilobaiti 2, sahau. Ninaitumia kwenye kile kijikompyuta kinachokusanya data za matenki ya maziwa, kile kina Linux, kina nafasi. Na hata pale ina mitego yake. Nilikuwa nimewasha WAL, ule mtindo ambao mabadiliko mapya yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni lenye jina linaloishia na -wal kabla ya kuingizwa kwenye faili kubwa. Siku moja nikakopi faili la .db peke yake kwenye flashi diski programu ikiwa bado inatembea, nikafika nyumbani nikafungua, data za leo hakuna. Nikatukana kila mtu. Data zilikuwa salama salimini kule kwenye -wal nililoliacha.

Kwenye ESP32, chipu yenye waifai ya kampuni ya Espressif, kuna NVS, sehemu ya kuhifadhi data inayokuja na programu zao, hiyo kwa mambo ya mipangilio kama jina la waifai na kiwango cha joto ni nzuri tu na inazungusha yenyewe kama nilivyoeleza, itumie, usiandike yako. Ila ufunguo, yaani jina unaloipa kila data, mwisho herufi 15. Mimi napenda majina marefu ya Kiswahili, "joto_la_juu_kabisa" ni herufi 18, ikagoma, na kwa kuwa sikuwa naangalia jibu inalorudisha nilikaa siku mbili najiuliza kwa nini haikumbuki. Ukitaka mafaili kabisa weka littlefs, SPIFFS, mfumo wa mafaili wa zamani, achana nayo, haina hata folda za kweli na ikianza kujaa inakuwa nzito kama gari lenye breki zimeshika.

Mpaka hapa mtu anaweza kuona kama nasema chukua vya watu vitumie basi. Ndiyo, ila ujue ndani kuna nini. Wapo waliotumia kipande cha watu, kizuri, kinachouzwa, wakakitia kwenye kifaa ambacho huwezi kukipandia daladala ukakirekebishe. Spirit, kile kigari cha NASA kilichotua Mars Januari 2004. Tarehe 21 ya mwezi huo huo, siku yake ya 18 kule, kikaacha kujibu ipasavyo. Kumbe kinajizima na kujiwasha, kinajizima na kujiwasha, zaidi ya mara 60, na usiku hakilali betri inaisha. Kilikuwa na flashi ya megabaiti 256 na mafaili yake yalisimamiwa na moduli ya mtindo wa DOS iliyokuja na VxWorks, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta yake. Ile moduli ilikuwa inaweka orodha ya mafaili kwenye RAM, na faili ukilifuta nafasi yake kwenye ile orodha haipungui. Mafaili yaliyoandikwa toka safari ya kutoka duniani yalikuwa yameirefusha orodha mpaka RAM ikaisha. Kikijiwasha kitu cha kwanza ni kusoma flashi, orodha inapanda, RAM inaisha, kinajizima. Waliokiokoa walikipelekea amri ya kuwaka bila kugusa flashi kabisa, wakafuta mafaili, baadaye wakaiformati. Kikaendelea kufanya kazi mpaka 2010.

Nilipoisoma hiyo habari nikaongeza kitu kwenye laibrari yangu siku hiyo hiyo: ukibonyeza kitufe wakati wa kuwasha, bodi inaamka bila kusoma hifadhi. Mistari sita tu.

Na ya Tesla, ile ya 2021, magari kama 135,000 ya Model S na Model X yaliitwa kurudi kwa sababu memori ya gigabaiti 8 ilikuwa inachakaa kwa kuandikwa andikwa, ikichoka kioo cha kati kinakufa pamoja na kamera ya kurudi nyuma. Hiyo ni EEPROM yangu ya Kibaha kwa bei ya gari. Nilijisikia nafuu kidogo, sitadanganya.

Sasa kupima. Sikutaka tena kusubiri simu ya Jumapili. Nikachukua ESP32 moja nikaifunga na rilei, swichi inayowashwa na kuzimwa na bodi, kazi yake kukata umeme wa bodi nyingine kwa muda usiotabirika, kila sekunde nane hivi, kisha kuiwasha na kuiuliza, namba yako ya mwisho ni ngapi? Ikijibu namba ndogo kuliko ile iliyokwisha kunithibitishia kwamba imeandikwa, inarekodiwa kosa. Nikaiacha usiku kucha mezani sebuleni, tak, tak, tak. Saa nane usiku mke wangu akatoka akaniuliza kama kuna mjusi kwenye kabati.

Asubuhi makosa 11. Kumi na moja! Kwenye kodi niliyokuwa nimeshaiamini na kuipigia hesabu za miaka 700. Nikaanza kuchapisha zile baiti 16 moja moja na hapo ndo nilipopata kitu ambacho sidhani ningekiona kwa kusoma kodi tu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, nafasi ile inabaki na nusu taarifa. Bodi ikiamka inaona CRC haikubali, inairuka, inachukua iliyotangulia, safi. Halafu inapotaka kuandika taarifa mpya inakwenda wapi? Nafasi inayofuata baada ya ile nzima ya mwisho. Ambayo ndo ile ile chafu. Na flashi haigeuzi 0 kuwa 1, kwa hiyo taarifa mpya inaandikwa juu ya nusu ya zamani, zinachanganyika kama khanga mbili zilizochujiana rangi kwenye beseni moja, CRC haikubali tena, na mimi nimeshaiambia programu ya juu "tayari nimeandika". Umeme ukikatika kabla ya taarifa inayofuata, ile imekwenda na maji.

Dawa yake ndogo kuliko aibu yake. Kwenye flashi, kabla ya kuandika soma baiti zote 16 za nafasi hiyo, kama siyo 0xFF tupu, iruke nenda mbele. Na ukishaandika, soma tena ulinganishe kabla hujasema tayari. Usiku uliofuata tak tak tak, sifuri. Nikairudia siku tatu, sifuri, mke wangu akahamishia chaji yake ya simu chumbani.

Laibrari yenyewe sasa ina mistari kama mia sita na ipo kwenye vifaa vyote vitatu, kila kimoja kina faili lake dogo la soma, andika, futa, na hakuna ruhusa ya kugusa kitu kingine. Ule mstari wa takataka-anza-na-sifuri nimeung'oa, badala yake isipopata taarifa yoyote nzima inasimamisha mota, hita inaendelea, king'ora kinalia na kioo kinaandika WEKA SIKU, unabonyeza vitufe viwili unaweka mwenyewe.

Nikarudi Kibaha kubadilisha bodi, na vifaranga kumi na viwili nilimlipa Mama, hakutaka, nikamlazimisha. Kuna mayai mapya yameshaingia na kioo kinalia WEKA SIKU. Nikamuuliza, mama, haya yaliingia lini, unakumbuka? Akanishika mkono akanizungusha nyuma ya mlango wa ile mashine. Kuna mistari ya chaki, imepangwa kila mkupuo na tarehe yake, toka ule wa kwanza kabisa niliomletea mashine, miezi saba yote, hakuna hata mmoja uliorukwa. "Leo ya sita," akasema. Nikabonyeza mara sita.